UZI: Mishipa iliyotutumka miguuni na vidonda vya kifundo visivyopona. Watu wa Mwanza na visiwani karibuni tuelimishane

#1 Muuguzi wa Igogo

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi ya uuguzi hapa Mwanza, na muda mwingi niko chumba cha kufungia vidonda. Kuna aina moja ya kidonda inayonifanya nifungue uzi huu. Kinakaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kinatoa majimaji mengi, ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu, na mwenye nacho anakwambia kina miaka. Ukimwomba apandishe gauni au suruali unakuta mishipa imetutumka kuanzia ndani ya paja hadi kwenye kigimbi, imejisokota kama kamba ya jarife. Mwenyewe hajawahi kuhusisha vitu hivyo viwili. Mishipa anajua ni ya uzee au ya kazi. Kidonda anajua ni mkono wa mtu.

Kidonda kile kimezaliwa na mishipa ile. Hilo ndilo nataka lieleweke, kwa sababu familia zinauza ng'ombe kununua dawa za kupaka wakati chanzo kinaendelea kufanya kazi yake humo ndani.

Moyo unasukuma damu kushuka miguuni kupitia ateri, hapo hakuna shida. Kazi ipo kwenye kurudi. Damu inarudi juu kwa vena, na kinachoisukuma ni misuli ya kigimbi. Kila ukipiga hatua kigimbi kinakaza, kinaikamua vena iliyo katikati yake, damu inapanda. Ndani ya vena kuna vali ndogo zinazofunguka kuelekea juu peke yake; damu ikishapita zinajifunga isirudi. Mtu akisimama tuli, presha ya vena za mguuni inafika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea na vali zake ni nzima, inashuka chini ya 30. Mwenye vali mbovu anatembea lakini presha inabaki juu.

Vena inayosumbua mara nyingi ni ile ndefu ya juujuu, inayoanzia mguuni upande wa ndani, ikapita mbele ya kifundo, ikapanda kando ya goti na paja mpaka kwenye kinena, ambako inaingia kwenye vena kubwa ya ndani. Vali ya pale juu ikishindwa kufunga, damu inaporomoka. Vena inatanuka. Ikitanuka, midomo ya vali inayofuata haikutani tena, nayo inavuja, hivyo hivyo hadi chini. Ndiyo maana mtu anaanza na mshipa mmoja wa kigimbini na baada ya miaka mguu mzima umejaa.

Halafu ngozi. Presha ikikaa juu muda mrefu, chembe nyekundu za damu zinapenya kwenye vimishipa vidogo, zinavunjikia kwenye ngozi na kuacha madini ya chuma. Ule weusi au ukahawia wa juu ya kifundo ni huo. Baadaye ngozi inawasha, inakauka, inakuwa ngumu. Ikifika hapo, ukingo wa ndoo ukikugonga au ukajikuna kucha usiku, inachubuka na haifungi.

Nani wanapata? Umri unachangia, uzito mkubwa unachangia, mimba kadhaa zinachangia, na aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani yuko hatarini zaidi. Ukoo una nguvu sana. Ukiwa na mama au baba mwenye tatizo hili, jiangalie mapema. Kazi ya kusimama inazidisha. Nawafikiria akina mama wa Mwaloni Kirumba wanaosimama kuanzia alfajiri kwenye dagaa, vijana wa viwanda vya minofu ya sangara, mama lishe, walinzi, vinyozi, walimu, na sisi wauguzi wenyewe. Kusimama tuli ndiko kubaya, kwa sababu kigimbi hakifanyi kazi. Anayepanda na kushuka mawe ya Mabatini kila siku anachoka, ndiyo, lakini vigimbi vyake vinapandisha damu.

Dalili za mwanzo watu wanazipuuza: mguu kuwa mzito jioni, kuvimba kifundo kunakoisha ukilala, muwasho, misuli kukaza usiku. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ngozi haijaharibika.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Kamongo wa Igombe

Shikamoo dada muuguzi. Umemwelezea mama yangu kabisa. Anaanika dagaa huku Igombe tangu mimi niko shule ya msingi. Mguu wa kushoto una mishipa hiyo na kidonda kipo mahali hapo hapo. Wazee walisema amekanyaga kitu njiani. Akapelekwa kwa mtaalamu, akachanjwa chale juu ya mishipa yenyewe ili damu chafu itoke. Ilitoka, tena ikagoma kukata, kitanda chote kikalowa. Tangu siku hiyo hataki mtu amguse. Sasa hivi tunamwagia unga wa vidonge vya rangi mbili. Nifanyeje?

#3 Muuguzi wa Igogo

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana.

Nianze na hiyo damu, maana hata bila chale mshipa uliotutumka unaweza kupasuka wenyewe kwa kugongwa kidogo tu, mara nyingi ukiwa bafuni au umesimama. Damu yake inaruka kwa sababu ya ile presha niliyoisema. Mlaze mtu chini hapo hapo. Inua mguu wake juu kuliko kifua. Bonyeza palepale panapotoka damu, kwa kitambaa safi na mkono wako, dakika kumi na zaidi bila kuchungulia. Usifunge kamba wala mpira juu ya goti. Kamba hiyo inazuia vena isirudishe damu na unaweza kuongeza kutoka kwa damu badala ya kuikata. Ikitulia, funga kitambaa vizuri, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Watu wamekufa kwa kuvuja damu ya mshipa wa mguu wakati kubonyeza tu kungewaokoa, na wengi wao ni wazee wanaoishi peke yao.

Damu ile si chafu. Ni damu ya kawaida ambayo imekosa njia ya kupanda. Kuichuruza kwa wembe kunamletea mama upungufu wa damu na kunampa kidonda kingine juu ya kile alichonacho.

Unga wa hivyo vidonge vya kuua vijidudu acheni leo. Hautibu vali, unakausha ngozi nzuri ya pembeni na kuleta mzio, na vijidudu vinazoea dawa. Dawa ya kuua vijidudu inatolewa pale kidonda kikionyesha kimeshambuliwa: wekundu unaosambaa, joto, usaha unaoongezeka, maumivu makali mapya, homa. Kidonda kusafishwa inatosha kwa maji safi ya bomba au yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunikwe na kitu kisichong'ang'ania.

Dawa yenyewe ya kidonda cha vena ni mgandamizo, yaani bandeji za kubana kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti. Zinafanya ile kazi ambayo vali zimeshindwa. Lakini asifunge mtu yeyote bandeji ya nguvu kabla mama hajapimwa ateri za mguu. Zikiwa zimeziba, kubana kunaweza kumpotezea mguu. Wanalinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Uwiano ukiwa 0.8 na kuendelea, kwa kawaida anafungwa bandeji kamili. Ukiwa chini ya 0.5 hafungwi, anapelekwa kwa bingwa wa mishipa. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kipimo hicho kinaweza kudanganya kwa sababu ateri zake zimekakamaa.

Mpeleke mama. Mwambie hakuna atakayemchanja.

#4 Sega la Nansio

Mkuu naomba nichangie kwa swali. Sisi wa Ukerewe tumekulia majini na kichocho tunacho. Baba yangu mdogo alitapika damu, akakimbizwa hospitali ya Bugando, tukaambiwa mishipa imevimba kwa sababu ya kichocho. Sasa hii ya miguuni nayo si ni kichocho hicho hicho kimeshuka?

#5 Muuguzi wa Igogo

Swali lako ni muhimu kwa watu wote wa ziwani, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kichocho cha tumbo kinachopatikana Ziwa Victoria minyoo yake inaishi kwenye vena za utumbo. Inataga mayai. Mengine yanatoka na haja kubwa, mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama humo. Mwili unapambana na mayai yale, makovu yanajijenga kuzunguka mishipa ya ini, na damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini inakosa pa kupita. Presha inapanda, bandama linavimba, damu inatafuta njia za pembeni, mojawapo ni vena za umio. Hizo ndizo zinazotutumka na kupasuka, mtu akatapika damu au akapata choo cheusi kama lami. Ndicho kilichompata baba yako mdogo. Tiba yake ni nyingine kabisa: kamera inapitishwa kooni, mishipa inafungwa kwa vipete vya mpira, anapewa dawa za kushusha presha ya mishipa ya ini, na anapewa praziquantel kuua minyoo iliyobaki.

Ya miguuni inatokana na vali za mguu wenyewe. Kichocho hakishuki. Mtu wa Ukerewe anaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kikatibiwa kivyake. Usimeze praziquantel ukitegemea mishipa ya kigimbi itanywea, ila kama umekulia majini na hujawahi kupima kichocho, nenda kapime.

Nimalizie na vingine vinavyochanganywa. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na uso au tumbo, au unakosa pumzi ukilala chali, hapo fikiria moyo, figo au ini. Matende yanavimbisha mpaka mgongo wa mguu na vidole, ngozi inakuwa nene na kujikunja, na hakuna ile mishipa iliyojisokota. Halafu kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa tuna watoto na vijana wengi wenye selimundu, nayo inaleta vidonda mahali hapo hapo pa kifundo. Kijana wa miaka 17 mwenye kidonda sugu cha kifundo na hana mishipa iliyotutumka, mpimeni selimundu kabla ya kitu kingine.

#6 Fundi Cherehani Buzuruga

Mimi nashonea cherehani ya miguu, na nilianzia maduka ya dawa. Nimeshauriwa Daflon, vidonge vya mishipa, nimeitumia, uzito wa mguu umepungua ila mishipa iko vilevile. Na soksi za kubana niliuziwa zikanibana kwenye goti mpaka alama. Ni hizo kweli au nimepigwa?

#7 Muuguzi wa Igogo

Kaka, dawa za aina hiyo zinasaidia uzito, uvimbe na maumivu kwa baadhi ya watu. Vali iliyoharibika haiponi kwa kidonge chochote, wala kwa siki, kitunguu saumu, mafuta ya kondoo au kuchuliwa. Kwa hiyo ulichokiona ndicho kinachotarajiwa. Kama inakupa nafuu na hujakatazwa na daktari, sawa, ila usitegemee mishipa ipotee.

Soksi zina vipimo, hazinunuliwi kwa namba ya kiatu. Unapimwa mzunguko wa kifundo, mzunguko wa kigimbi pale palipo panene, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Upimwe asubuhi mguu haujavimba. Kwa shida kama yako wengi wanaandikiwa za milimita 20 hadi 30 za zebaki, na kwenye pakiti yake imeandikwa. Soksi ya kweli inabana zaidi kifundoni na kupungua kadiri inavyopanda. Ikikubana zaidi gotini kuliko kifundoni, ama saizi si yako ama umeikunja juu, na ukiikunja unakuwa umefunga kamba. Ivae kabla hujashuka kitandani, ivue wakati wa kulala. Ikivaliwa kila siku mpira wake unachoka, baada ya miezi mitatu hadi sita inataka kubadilishwa.

Wewe unashonea mashine ya miguu, hiyo ni bahati kwako, maana kigimbi kinafanya kazi. Wenye mashine za umeme wajitahidi kuinuka na kunyanyua visigino mara kwa mara. Jioni lala, weka miguu juu ya mto iwe juu ya usawa wa moyo, kama nusu saa.

#8 Mzee wa Kamanga

Binti, nimesoma yote. Mimi nina miaka 61, daktari amesema mshipa utolewe. Nimekataa. Mshipa Mungu ameuweka kwa kazi yake, ukiutoa damu itapita wapi? Na nikipigwa nusu kaputi nikaamka katikati ya upasuaji?

#9 Muuguzi wa Igogo

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengi wanakimbia hospitali kwa hofu hiyo hiyo bila kuisema.

Karibu asilimia 90 ya damu ya mguu inarudi kwa vena za ndani, zilizo katikati ya misuli. Hizo haziguswi. Ya juujuu iliyoharibika haisaidii tena kupandisha, inateremsha. Ikifungwa au kutolewa, damu inahamia kwenye vena zilizo nzima na mguu unapumua. Ndiyo sababu daktari lazima apime altrasaundi kwanza, ahakikishe vena za ndani ziko wazi. Akikuambia utolewe bila kipimo hicho, una haki ya kuuliza.

Njia ziko kadhaa. Ipo ya kuingiza waya mwembamba ndani ya mshipa na kuuchoma kwa leza au mawimbi ya redio mpaka ujifunge, chini ya ganzi ya kuchoma sindano mguuni, mgonjwa anatembea kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ipo ya kuchoma sindano ya dawa yenye povu inayofanya kuta za mshipa zigandane. Na ipo ya upasuaji, mshipa unafungwa kinenani na kuvutwa, vile vidogo vinatolewa kwa matundu madogo ya ngozi. Mwongozo wa Uingereza wa 2013 uliweka kuchoma kwa joto mbele, kisha povu, kisha upasuaji, na soksi kwa yule ambaye hayo yote hayamfai. Upasuaji kuwa wa tatu kwenye orodha hiyo haimaanishi ni mbaya. Umetibu watu kwa miaka mingi, na unaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni ukiwa macho. Mwombe daktari wa usingizi mzungumze kabla ya siku yenyewe, mwambie presha yako, dawa zako na hofu yako.

Nisikufiche: mishipa mingine inaweza kujitokeza miaka ya mbele, kwa njia yoyote utakayochagua. Utakuwa na michubuko na maumivu ya siku kadhaa. Ila kwa mwenye kidonda faida ni kubwa. Mwaka 2018 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu 450 wenye vidonda vya vena. Wote walifungwa bandeji. Nusu yao walifungiwa mshipa mbovu mapema, nusu wakasubiri. Kwa waliowahi, nusu ya vidonda vilikuwa vimefunga kufikia siku ya 56. Kwa waliosubiri, siku ya 82. Siku hizo 26 za tofauti, kwa mtu anayeishi kwa kibarua, ni karo ya mtoto.

Usikatae kwa kuogopa, mzee wangu. Rudi ukaulize maswali haya haya kwa daktari wako, kisha uamue.

#10 Mama Kijacho Nyegezi

Dada mimi nina mimba ya miezi saba, mishipa imetokea kwenye paja na hata sehemu za siri. Naogopa kujifungua. Jana mguu wa kulia peke yake umevimba na kigimbi kinauma nikikikanyagia.

#11 Muuguzi wa Igogo

Mdogo wangu, achana na simu, nenda hospitali usiku huu. Usisubiri siku ya kliniki.

Mishipa ya mimba kwa kawaida haitishi. Homoni zinalegeza kuta za vena, damu imeongezeka, tumbo linakandamiza. Baada ya kujifungua mingi inanywea yenyewe kwa miezi kadhaa, kwa hiyo haikimbiliwi kutolewa wakati wa ujauzito, na ya sehemu za siri haimzuii mtu kujifungua kawaida. Unalalia ubavu, unavaa soksi, unatembea.

Lakini mguu mmoja kuvimba ghafla na kigimbi kuuma inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena ya ndani, na mimba inaongeza uwezekano huo. Bonge likichomoka linakwenda kwenye mapafu. Ukisikia kifua kinachoma ukivuta pumzi, pumzi inakata au unakohoa damu, hiyo ni dharura. Usiuchue mguu. Waambie neno kwa neno ulivyoniandikia hapa.

#12 Mama Kijacho Nyegezi

Niko hospitali, mume wangu amenileta. Ni damu imeganda kweli, nimeanzishiwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Wamesema mtoto yuko salama. Mungu akubariki sana dada.

#13 Muuguzi wa Igogo

Alhamdulillah. Sindano hizo hazivuki kwenda kwa mtoto. Usiruke hata moja, na siku uchungu ukianza, kitu cha kwanza kuwaambia ni kwamba unazitumia na saa uliyochoma ya mwisho.

#14 Kamongo wa Igombe

Dada, mama amekubali. Jumatatu tunaingia mjini. Tuanzie wapi na tubebe nini?

#15 Muuguzi wa Igogo

Anzieni kituo chenu cha karibu mpate barua ya rufaa, kisha hospitali ya Sekou Toure. Wao wakiona inahitaji bingwa watawapeleka Bugando. Kama ana bima, ulizeni dirishani kabla ya kipimo, si baada. Bebeni karatasi zote za zamani na maboksi ya dawa anazotumia, pamoja na hizo za rangi mbili.

Kwa kuwa kidonda ni cha muda mrefu, ulizeni kama kinahitaji kukatwa kinyama kwenda maabara, hasa kama kingo zimeinuka au kinatoa harufu mpya. Kidonda cha miaka kinaweza kugeuka saratani na kwa macho hakijulikani.

Avae kanga na gauni pana, asivae suruali ya kubana ndani, maana watampima kuanzia kinenani. Na mtu wa altrasaundi ampime vena akiwa amesimama, huku akimkamua kigimbi na kuachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali hiyo inavuja. Akipimwa amelala tu, anaweza kuandikiwa kuwa mzima. Kama hawezi kusimama muda mrefu kwa maumivu, mshikeni wawili.

Wakishamfunga bandeji, jioni angalieni vidole. Vikiwa baridi, vya bluu au vina ganzi, fungueni hapo hapo na mrudi hospitali bila kuchelewa. Ikilowa majimaji siku ya pili msiogope, mwanzoni inakuwa hivyo, inabadilishwa mara nyingi zaidi mpaka uvimbe ushuke. Na arudi kwenye dagaa zake akishazoea kutembea nayo, ila mtafutieni kigoda, awe anakaa na kuinuka.